UZI: Programu za kale za kumodeli nyufa za ardhini, tunaziokoaje kabla hazijapotea?

#1 MiambaTupu

Wakuu, kwema?

Kuna jambo ambalo kwenye fani yetu ya jiolojia kila mtu analilalamikia pembeni lakini hakuna anayelianzishia uzi. Ni zile programu za zamani za kupigia hesabu nyufa na mipasuko ya miamba. Nazungumzia vitu vya miaka ya 70, 80 na 90, vingi vimeandikwa kwa Fortran (lugha kongwe ya kuandikia programu za hesabu), vikabaki kwenye disketi na printauti za maprofesa, na leo matokeo yake tunayanukuu kwenye ripoti kama vile yalishuka kutoka mbinguni.

Kwa wasio wa fani, kwa kifupi tu. Ufa ni mahali ambapo mwamba umekatika na pande mbili zikatelezana. Ukijua ufa una urefu gani, umelala kwa nyuzi ngapi, uko kina gani na umeteleza kiasi gani, kuna hesabu inayokupa ardhi ya juu itasogea vipi. Unaweza pia kwenda kinyume: una picha za rada za setilaiti zinazoonyesha ardhi imesogea, unatafuta ufa gani huko chini umesababisha. Ndivyo lilivyosomwa tukio la Natron la mwaka 2007, kaskazini mwa Tanzania. Mitetemeko ilianza Julai, ule mkubwa wa 5.9 ukapiga tarehe 17, na makala iliyotoka kwenye Nature mwaka 2008 ikaeleza kwamba ufa uliteleza polepole kwanza, kisha daiki (ukuta wa magma) ikajipenyeza chini ya mlima Gelai bila kufika juu. Septemba, mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai nao ukaanza kulipuka. Hakuna binadamu aliyeiona daiki ile kwa macho. Tunaijua kwa rada na kwa hesabu za kompyuta.

Kiini cha hesabu za namna hiyo, mara nyingi, ni fomula za Yoshimitsu Okada wa Japani, makala za 1985 na 1992, pamoja na sabrutini yake (kipande cha programu kinachoitwa na programu kuu) ya Fortran iitwayo DC3D. Hiyo ina bahati, imenakiliwa kila kona ya dunia. Wenzake hawana bahati hiyo. TWODD, programu ya mipasuko ya Crouch na Starfield, ilichapwa kwenye karatasi, ndani ya kitabu chao cha 1983. Poly3D ilitoka Stanford mwaka 1993 kama kazi ya shahada ya uzamili. Matoleo ya mwanzo ya Coulomb, programu ya hesabu za misukumo kwenye nyufa, yaliishi kwenye Macintosh za kizamani kabla haijahamia MATLAB (programu ya kulipia ya hesabu). Na kuna nyingine lukuki zisizo na hata jina, mtu alijiandikia ya kwake, akamaliza tasnifu, akaondoka.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge: kabla mtu hajagusa hata mstari mmoja, msimbo uhifadhiwe kama ulivyo, uchafu wake wote, PAMOJA na mfano mmoja angalau ambao jibu lake linajulikana. Msimbo usio na jibu la kulinganishia ukishaukompaili (kuugeuza programu ambayo mashine inaweza kuiendesha) utakupa namba, na hutakuwa na namna ya kujua kama ni zenyewe.

Karibuni.

---

#2 sina_haraka

Nimevuta kiti. Ngoja wajuzi waje.

---

#3 PythonMzalendo

Mkuu MiambaTupu, heshima yako, ila mimi napinga mapema. Tunawalea wazee hawa wa nini? Fomula za Okada ziko kwenye makala, zimechapwa, mtu yeyote mwenye hesabu za kidato cha sita na uvumilivu anaziandika upya kwa Python wikiendi moja. Hifadhi FOMULA, achana na msimbo. Msimbo wa Fortran 77 wenye amri za kizamani za GOTO na COMMON ni makumbusho, na makumbusho yana gharama.

Kuna vijana hapa hawajawahi hata kuona kadi za kutoboa (karatasi ngumu za kuingizia programu enzi zile), unawaambia wahesabu safu ya 7 mpaka ya 72. Kwa faida gani?

---

#4 kijana_wa_fotrani

Kaka PythonMzalendo, tulia kwanza. Hiyo "wikiendi moja" nimeisikia kwa watu wengi, na wengi wao hawajaimaliza mpaka leo.

Nianze na hiyo ya safu, kwa kuwa ndiyo inayoua watu. Fortran ya zamani ilirithi mpangilio wa kadi: safu 1 hadi 5 ni namba ya mstari, ya 6 ni alama ya kwamba mstari unaendelea, 7 hadi 72 ndiyo amri yenyewe, na kuanzia 73 kompaila haisomi kabisa. Sasa chukua TWODD ya kwenye kitabu. Unaskani ukurasa, unapitisha kwenye programu ya kutambua herufi, inakutolea maandishi safi. Kumbe nafasi za mwanzo zimeliwa, herufi O imegeuka sifuri, na I imegeuka 1. Nyingine kompaila atakupigia kelele. Lakini jina la kigezo likibadilika kutoka XI kwenda X1 sehemu moja tu, hatakupigia kelele yoyote, maana Fortran ya kale haikulazimishi kutangaza vigezo. Jina jipya linazaliwa lenyewe, likiwa na takataka au sifuri ndani yake, na programu inaendelea kwa amani kabisa.

Dawa: weka IMPLICIT NONE juu ya kila sabrutini kwenye NAKALA (asili usiiguse), au kompaili na swichi ya -fimplicit-none. Kila jina litakalolalamikiwa, rudi kwenye ukurasa uliochapwa ukalikague kwa macho.

La pili ni kumbukumbu za vigezo vya ndani. Kompaila nyingi za enzi hizo, za mashine kama VAX, ziliviacha vigezo vya ndani ya sabrutini mahali pamoja, kwa hiyo ukiirudia sabrutini unavikuta na thamani ya mara ya mwisho. Sheria ya Fortran 77 ilitaka uandike SAVE, ila kwa kuwa mambo yalikwenda bila SAVE, watu hawakuandika. Ukikompaili leo kwa gfortran (kompaila ya bure), vigezo vile vinawekwa kwenye staki (kumbukumbu ya muda) na vinafutika. Programu inatoa jibu moja ukiikompaili na -O0 (bila kuiharakisha) na jibu lingine ukiweka -O2 (iharakishwe). Ukiona hivyo, jaribu swichi ya -fno-automatic, inayovibakiza vigezo mahali pake, kabla hujaanza kumtukana aliyeandika.

La tatu nitalileta baadaye, linahusu DC3D yenyewe na ni tamu. Niko kazini.

---

#5 Olkaria_Mvuke

Habari zenu ndugu. Mimi niko upande wa Kenya, mambo ya umeme wa mvuke wa ardhini.

Msidhani ni nyufa za tetemeko tu. Mvuke wa Olkaria unapita kwenye mipasuko ya miamba, na modeli za hifadhi ile zilianza kitambo. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa 1981, na mwaka 1987 Bodvarsson, Pruess na wenzao walichapisha modeli ya Olkaria Mashariki iliyolinganishwa na historia ya uzalishaji. Hizo ni simuleta (programu za kuiga mtiririko wa maji, mvuke na joto) za Fortran kutoka Berkeley, ukoo ambao baadaye ulizaa TOUGH2. Kwa mwamba wenye mipasuko kuna mbinu yao inaitwa MINC: mpasuko unapewa boksi lake, na jiwe lililo katikati ya mipasuko linagawanywa matabaka, moja ndani ya jingine, ili joto lichukue muda wake kutoka ndani ya jiwe kuja kwenye mpasuko.

Sasa nataka niongeze kitu kwenye hoja ya MiambaTupu. Kwetu kinachopotea ni faili la kuingizia, msimbo unapatikana. TOUGH2 inasoma maandishi yaliyopangwa kwa safu. Jina la kila boksi lina herufi tano, nafasi tupu ikiwemo. Kijana anafungua faili la zamani kwenye programu ya kisasa ya kuhariri, inampunguzia nafasi "zisizo na kazi", anasevu. Basi. Modeli ya miaka imekwisha hapo.

Na kuna hii ya nukta, nimeiona kwa macho yangu. Kwenye sehemu ya miamba, kila namba ina nafasi 10 na inasomwa kwa fomati E10.4. Fortran ikikuta namba isiyo na nukta kwenye nafasi hiyo, inaiweka nukta yenyewe, tarakimu nne kutoka kulia. Msimu mmoja ofisi fulani (siitaji) walipata skripti mpya ya kutengeneza faili za kuingizia. Skripti inaandika ujazito (densiti) wa mwamba 2600, bila nukta. Programu inasoma 0.26. Mwamba mwepesi kuliko pamba, na hakuna onyo lolote kwenye skrini. Ukiandika "2600." yenye nukta mwisho, mambo shwari.

Kwa hiyo mkihifadhi, hifadhini faili za kuingizia zikiwa baiti kwa baiti. Zipigwe muhuri wa SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili, likiguswa inabadilika) siku ileile zinapotoka kwenye disketi, kabla hazijafunguliwa na mtu yeyote.

---

#6 PythonMzalendo

Olkaria_Mvuke, hiyo ya 0.26 imenitisha, nakubali. Ila bado inathibitisha hoja yangu. Mfumo unaoweza kusoma 2600 kama 0.26 kimyakimya unatakiwa ustaafishwe, si ulindwe.

---

#7 MiambaTupu

Ustaafishwe sawa, lakini ripoti zilizotokana nao hazistaafu. Modeli ya 1987 ikisema shinikizo litashuka hivi, na leo unataka kujua kwa nini walikosea au walipatia, utaendesha nini? Python yako? Ukipata jibu tofauti, utajuaje kwamba tofauti imetokana na mwamba au imetokana na wewe?

Halafu fomula na msimbo havilingani kila mara. Mwandishi huchapa fomula nadhifu, kisha ndani ya msimbo anaweka kizuizi hiki na kile ili mashine isianguke. Vile vizuizi havimo kwenye makala.

---

#8 GomaLava

Bakubwa, salamu kutoka Goma.

Huku kwetu habari za mipasuko si nadharia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, mipasuko ilishuka ubavu wa kusini kuja mpaka karibu na mji, na lava ikaingia mjini. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, ikarudia. Tukio la 2002 lilipigiwa hesabu na Wauthier na wenzake kwenye makala ya 2012, kwa mbinu ya elementi za mpaka ya Cayol na Cornet ya 1997. Tofauti na Okada ni kwamba Okada anachukulia ardhi ni tambarare kama meza. Mbinu ile inaingiza umbo la mlima wenyewe, pembetatu kwa pembetatu.

Kwa hiyo naunga mkono ndugu wa Olkaria. Kwa mbinu hizi za pembetatu, msimbo peke yake ni nusu ya kazi. Wavu wa pembetatu uko wapi? Mlima umebadilika tangu 2002, ramani ya mwinuko ya leo si ile. Ukitengeneza wavu mpya hutapata namba zile. Na wavu mara nyingi unabaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyeutengeneza.

Swali langu kwa wenye ujuzi: tunaviweka wapi hivi vitu? Huku umeme na intaneti munajua hali. Seva ya chuo siiamini.

---

#9 bi_makabrasha

GomaLava kaka, pole na hongera kwa swali la maana. Mimi si mtu wa miamba, ni mtu wa nyaraka, nimezungukwa na kumbukumbu za kidijitali kutwa.

Kuna sehemu mbili ambazo mimi huziamini. Ya kwanza ni Software Heritage, iliyoanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016, ikishirikiana na UNESCO. Kazi yao ni kukusanya msimbo wa dunia nzima pamoja na historia yake. Hupakii faili kwao. Unaweka msimbo kwenye hazina ya git (mfumo wa kutunza msimbo na mabadiliko yake) iliyo wazi, halafu unakwenda kwenye ukurasa wao wa "Save Code Now", unabandika anuani, nao wanakuja kuchukua. Kila faili linapewa kitambulisho kinachotokana na maudhui yake yenyewe, kwa hiyo likibadilika herufi moja kitambulisho kinabadilika. Ya pili ni Zenodo, ya CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya), tangu 2013. Hapo ndipo mahali pa nyavu, faili za kuingizia, matokeo na printauti zilizoskaniwa. Unapewa DOI (kitambulisho cha kudumu cha kunukuliwa), watu wakunukuu. Zote bure.

Kuhusu disketi zenyewe, tahadhari moja. Zile za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 hazisomeki kwenye kisomeo cha disketi cha USB, hata ukikiombea dua, kwa sababu Mac ilikuwa inabadilisha mwendo wa kuzungusha diski kadiri inavyokwenda ndani au nje. Unahitaji kifaa kinachosoma mawimbi ghafi ya sumaku, kama Greaseweazle au KryoFlux, kikiwa na drivu ya zamani ya kawaida ya PC. Na ufungue kile kitundu cha kuzuia kuandika KABLA ya kuiingiza. Yaani kwenye disketi ya inchi 3.5 kitundu kionekane wazi. Nimeona watu wakikosea upande.

Ndani ya folda, tafadhali, wekeni faili moja la maandishi matupu linalosema: nani aliandika, mwaka gani, ilikompailiwa na nini, kwenye mashine gani, vipimo ni vya aina gani. Hilo la vipimo wanasayansi hamlipendi, sijui kwa nini.

---

#10 MiambaTupu

Bi makabrasha umegusa penyewe. Vipimo na ishara za jumlisha na toa ndivyo vitu vinavyokufa na mwandishi.

Mfano hai: faili la kuingizia la Coulomb. Ni maandishi matupu, unalifungua unakuta E1= 0.800000E+06, yaani ugumu wa mwamba. Laki nane za nini? Za ba (bar, kipimo cha shinikizo). Ni sawa na gigapaskali 80. Mtu anayedhani ni megapaskali amejenga dunia ngumu mara kumi. Mle mle, mtelezo wa kwenda kulia unahesabiwa chanya. Njoo kwa Okada: wa kushoto ndio chanya. Njoo kwa Crouch na Starfield: mpasuko ukifunguka ni HASI, kwa kuwa wao chanya ni pande mbili kusogeleana. Wote wako sahihi kwa utaratibu wao. Unganisha msimbo wa huyu na faili la yule bila kusoma, utapata daiki inayojifunga badala ya kujifungua, na picha itapendeza tu.

Kwa faida ya waliouliza inbox kwa nini Crouch ana mambo ya migodi: mbinu zile zina mizizi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kule dhahabu iko kwenye tabaka jembamba, na miaka ya 60 Salamon alishaonyesha kwamba tabaka lililochimbwa unaweza kulichukulia kama mpasuko mmoja mpana uliosogeleana. Kwa hiyo kusogeleana kuwa chanya kulikuwa na mantiki, ndicho kitu mchimbaji alikuwa anakihofia juu ya kichwa chake.

---

#11 wakili_wa_mtaani

Nawasoma tangu asubuhi, mnaambiana "weka kwenye git" kana kwamba msimbo ni wa baba yenu.

Programu iliyoandikwa na mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini, kwa mfano wa USGS (taasisi yao ya jiolojia), haina hakimiliki ndani ya Marekani. Hiyo chukueni. Programu isiyo na leseni yoyote iliyoandikwa pale juu, maana yake SI bure. Maana yake haki zote ni za mwenyewe au za chuo chake, hata kama amekufa. Ya kwenye kitabu ina mchapishaji. TOUGH2 ilikuwa inatolewa kwa leseni ya Berkeley, usiitupe hadharani. Na kuna mtego mmoja ambao watu wa Fortran wanaujua na hawausemi: misimbo mingi ya vyuo imebeba ndani yake sabrutini zilizonakiliwa kutoka kitabu cha Numerical Recipes. Tafuteni majina kama LUDCMP, LUBKSB, SVDCMP. Leseni ya kitabu kile hairuhusu kuusambaza msimbo wake. Ukizikuta, nakala ya hadharani itabidi uzitoe na kuweka za maktaba ya LAPACK, ambazo ni huru.

Mwandishi akiwa hai, mwandikie barua pepe ya mistari mitatu, aombwe kuchagua leseni. Ifanyeni mapema, watu hawa wana umri.

---

#12 sina_haraka

"Kana kwamba msimbo ni wa baba yenu" 😂😂 wakili una maneno.

---

#13 kijana_wa_fotrani

Nimerudi na ile ya DC3D.

Sabrutini ya Okada imeandikwa hivi: ndani inahesabu kwa REAL*8 (namba za baiti nane), lakini namba zinazopitishwa mlangoni, X, Y, Z, DEPTH, DIP na wenzake, zimetangazwa waziwazi REAL*4. Baiti nne. Enzi zile kumbukumbu ilikuwa ghali, hakuna ubaya.

Sasa mtu wa leo ana programu yake kuu ya zamani yenye REAL tupu. Anataka usahihi zaidi, anaambiwa mtandaoni aweke swichi -fdefault-real-8. Swichi ile inageuza REAL tupu kuwa baiti nane, lakini REAL*4 iliyoandikwa waziwazi haiigusi. Anayeita anapeleka baiti nane, anayepokea anasoma nne. Faili zikiwa mbili tofauti, gfortran hasemi kitu. Zikiwa kwenye faili moja, kuanzia toleo la 10 atagoma, na ndipo mtu anakwenda kuizima kelele kwa -fallow-argument-mismatch.

Kinachofuata kinachekesha. Namba 2.0 kwenye baiti nane, nusu ya chini yote ni sifuri. Prosesa zetu zinaweka nusu ya chini mbele. Kwa hiyo sabrutini inasoma 0. Na 3.0 inasoma 0, 4.0 inasoma 0, nyuzi 70 zinasomwa 0, mtelezo wa mita 1 unasomwa 0. Ufa wote umetoweka! Lakini ALPHA (namba ya tabia ya mwamba), ambayo ni 2/3, haina mwisho mzuri kwenye mfumo wa kompyuta wa sifuri na moja, kwa hiyo nusu yake ya chini imejaa, na inasomwa kama trilioni 14 na ushee. Ardhi ya ajabu isiyo na ufa.

Ukijaribu kwa data halisi yenye desimali ndefu hutaona masifuri, utaona namba tu. Mtu anaweza kuzichapisha.

Ndiyo maana nakubaliana na mwenye uzi kuhusu jibu la kulinganishia. Okada mwenyewe alikuwa muungwana, makala ya 1985 ina jedwali la majibu. Mfano wa pili wa jedwali lile, kwa DC3D, ni huu (AL na AW ni mipaka ya urefu na upana wa ufa, DISL ni mtelezo):

ALPHA=2/3, X=2, Y=3, Z=0
DEPTH=4, DIP=70
AL1=0, AL2=3, AW1=0, AW2=2
DISL1=1, DISL2=0, DISL3=0

Jibu (ardhi ya juu inavyosogea, pande tatu): UX = -8.689E-3, UY = -4.298E-3, UZ = -2.747E-3.

Ukiwa na hizo tatu, nakala yoyote ya DC3D uliyoiokota popote unaipima kwa dakika tano. PythonMzalendo, lete ya kwako.

---

#14 PythonMzalendo

Nimekubali changamoto. Nilikuwa nayo tayari, niliiandika kutoka kwenye makala ya 1985, si kutoka kwenye Fortran yoyote.

-8.689E-3
-4.298E-3
-2.747E-3

Zote tatu, kwa ujumla wake. Sasa niambieni makumbusho ni ya nini.

---

#15 kijana_wa_fotrani

Safi sana, kazi nzuri kweli. Sasa weka ufa wima. Mfano wa tatu wa jedwali lilelile: x=0, y=0, d=4, nyuzi 90, L=3, W=2, mtelezo wa mlalo 1. Unatakiwa upate UY = 5.253E-3, UX na UZ sifuri.

---

#16 bi_makabrasha

Wakati tunamsubiri, niwape habari. Mwaka 2019 jarida la ReScience C liliwaita watafiti waendeshe upya msimbo wa makala zao WENYEWE za miaka 10 au zaidi nyuma. Nilipitia baadhi ya simulizi zao. Hesabu zenyewe si hasa zilizowachosha. Walihangaika kuupata msimbo, kusoma vyombo vya kuhifadhia, na maktaba za kuchorea ambazo hazipo tena.

---

#17 MiambaTupu

Za kuchorea ni kweli. Programu nyingi za nyufa zina miito ya CALL PLOT ya enzi za mashine za CalComp za kuchorea grafu kwa kalamu. Kwenye nakala ya kufanyia kazi, mimi huandika sabrutini tupu zenye majina yaleyale zinazomwaga x na y kwenye faili, nachora kwa chombo cha kisasa. Hesabu haijaguswa hata kidogo.

---

#18 PythonMzalendo

Wakuu, nyuzi 90 imeniletea takataka. UY ni namba kubwa isiyo na kichwa wala miguu. Nyuzi 89 inatoa kitu cha kueleweka. Nimekagua fomula neno kwa neno, iko kama ilivyo kwenye makala.

---

#19 kijana_wa_fotrani

Fomula yako haina kosa. Kosainasi ya nyuzi 90 kwenye kompyuta haitoki sifuri, inatoka kama 6.1E-17. Fomula za kawaida zinagawanya kwa kosainasi hiyo, na ile iliyo juu yake ni tofauti ya logi mbili zinazokaribia kuwa sawa. Unagawanya makombo kwa makombo. Makala ina fomula za pembeni kwa kosainasi sifuri, nina hakika umeziandika pia, ila sharti lako limeuliza "je, ni sawasawa na sifuri?" na jibu likawa hapana.

Fungua DC3D, sabrutini ya DCCON0. Utakuta EPS (kizingiti) ni 1.D-6. Kosainasi ikiwa ndogo kuliko hapo, Okada anaifanya sifuri kamili na sainasi anaifanya 1 au -1 kamili. Mistari michache tu.

---

#20 PythonMzalendo

Nimeiona. Sharti langu lilikuwa `if cd == 0`. Nimeweka kizingiti cha 1e-6 kama chake na sasa:

UX 0, UY 5.253E-3, UZ 0.

Bado nasema vijana waandike kwa lugha za leo. Ila nimeiweka DC3D asili kwenye folda ya majaribio ya hazina yangu, bila kubadilisha hata herufi, na kila nikisukuma mabadiliko inakompailiwa na kulinganishwa na ya kwangu kwa nyuzi kuanzia 0 hadi 90, pamoja na 89.9999 na 90.0001. Nimeshabandika anuani Software Heritage.

GomaLava, wavu wako una pembetatu ngapi? Nataka kuongeza pembetatu, na kwa hizo kuna msimbo wa Nikkhoo na Walter wa 2015. Ni MATLAB, lakini najaribu kuuendesha kwenye Octave (mbadala wa bure wa MATLAB).

---

#21 GomaLava

Wavu si wangu, ndiyo shida yenyewe. Nimemwandikia mwenyewe leo, mistari mitatu kama wakili alivyosema. Akijibu nitauleta hapa pamoja na muhuri wa SHA-256.